Vinyago Vinavyotembea kwa Kamera ya Mkanda: Maswali Yenu

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu stopu mosheni: unasogeza kinyago kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Waulizaji wote wanatumia kamera za zamani za mkanda.

Mkanda mmoja utanipa filamu ndefu kiasi gani? (Morogoro)

Fupi kuliko unavyodhani. Mkanda wa milimita 35 una picha 36. Sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde, lakini kila picha ukiionyesha mara mbili, 12 zinatosha. Hapo una sekunde 3. Ukishuka hadi picha 8 kwa sekunde unapata 4 na nusu. Kinyago kitadundadunda, na mimi mdundo huo naupenda. Ukibahatika kupata kamera ya nusu fremu, yaani inayopiga picha nusu ya ukubwa wa kawaida, kama Olympus Pen iliyotoka mwaka 1959, mkanda uleule unatoa picha 72. Ila ifunge kwenye stendi ikiwa imelala ubavu, kwani ikikaa kawaida picha zake hutoka za kusimama.

Filamu yangu inapepesa kama taa mbovu. Kwa nini? (Tanga)

Anza na dirisha. Jua linasogea, mawingu yanapita, na picha 36 zinaweza kula mchana mzima. Funga pazia, washa taa, vaa nguo nyeusi. Shati jeupe hurudisha mwanga kwenye kinyago. Kama kamera inajipimia mwanga yenyewe, izuie.

Bado inapepesa? Basi ni lenzi. Nyingi hukaa wazi unapochungulia, kisha visu vya ndani hupunguza tundu la mwanga hadi kipimo ulichochagua, kama f/8 au f/11, unapofyatua, na si kila mara vinasimama palepale. Kwenye picha moja huoni kitu, zikifuatana, unaona. Lenzi nyingi za M42, zile za zamani zinazofungwa kwenye kamera kwa skrubu, zina swichi ya A (visu hujifunga vyenyewe) na M (kwa mkono): weka M, visu vitatulia. Kama huna swichi hiyo, fungua tundu lote na ukubali nyuma kuwe na ukungu.

Kamera iko kwenye stendi lakini picha zinatikisika. (Mombasa)

Ni mkono wako unapovuta mkanda. Ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi, bana pete ya fokasi kwa selotepu, fyatua kwa waya. Kutikisika kidogo kutabaki tu. Kamera za sinema za kitaalamu zina pini zinazoingia kwenye matundu ya pembeni na kuushika mkanda, yako haina. Weka alama mbili za msalaba ukingoni mwa meza, kisha kwenye kompyuta panga picha hadi alama zilaliane, ndipo ukate kingo.

Studio wamenirudishia picha zenye rangi tofauti tofauti. (Arusha)

Mashine ya kuskani hurekebisha kila picha kivyake. Waambie wasafishe mkanda na kuzima marekebisho hayo, au skani mwenyewe kwa mpangilio mmoja.

Nitajuaje kinyago kimesogea kiasi gani? (Zanzibar)

Simamisha sindano iguse ncha ya pua yake. Sogeza kinyago, tazama pengo, ondoa sindano, piga. Usipoiondoa utakuja kuiona mkanda ukishasafishwa. Simu nayo iweke kando ipige kila hatua. Si udanganyifu, filamu yenyewe bado iko kwenye mkanda. Na uwe na daftari, maana mgeni akibisha hodi katikati ya kazi hutakumbuka kama mguu wa kushoto ulishapiga hatua.