Mnaoanza kujaza katriji, anzeni na chumba cha taka

Wadogo zangu, najua kinachowaleta kwenye kazi hii. Katriji mpya ya printa ya leza ni ghali, kujaza ni nafuu, na stesheneri ziko kila mtaa. Ila wengi mnafundishwa upande mmoja tu, wa kumimina tona, yaani unga wa wino. Mimi nawaomba muanze na upande wa pili.

Chukueni 12A, ile katriji ya printa ya HP LaserJet 1020 ambayo bado imejaa maofisini. Ukichomoa pini zake inagawanyika mara mbili. Nusu moja ni ghala la tona safi. Nyingine imebeba dramu, ile silinda inayobandika unga kwenye karatasi, na kwenye dramu umeegemea ukingo wa mpira unaokwangua unga uliobaki kila karatasi inapopita na kuusukumia kwenye chumba cha taka. Chumba hicho hakijimwagi chenyewe. Fundi anayetoboa tundu kwa chuma cha moto, akamimina tona na kuziba kwa gundi, anamrudishia mteja katriji iliyojaa taka. Unga unaanza kumwagika ndani ya printa, na lawama yote inaiangukia tona.

Vishawishi vipo. Unga ule wa taka ni mweusi tii, unavutia kuuchekecha na kuurudisha ghalani. Msifanye hivyo hata siku moja. Umechanganyika na vumbi la karatasi na haushiki tena chaji ya umeme sawasawa. Maandishi yatatoka na ukungu na dramu itakwaruzika. Katika kazi hii tunaokoa plastiki, roli na dramu ambayo bado ni nzima. Unga uliotumika hauokolewi.

Sasa afya yenu. Tona ni plastiki iliyosagwa pamoja na rangi, na kwenye tona nyeusi rangi hiyo mara nyingi ni masizi ya kiwandani. Chembe zake ni kama mikroni 5 hadi 10, ndogo kuliko unene wa unywele kwa mbali sana, kwa hiyo zinaelea na kuingia kifuani. Masizi hayo IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, imeyaweka kundi la 2B, yaani yanayoshukiwa. Mimi kwa shaka hiyo tu navaa barakoa ya N95, kitambaa hakitoshi. Msipulize kwa mdomo, na msitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani: chujio lake linaupitisha unga, na mota yake inaweza kuuwasha. Mkono ukichafuka, futa kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha maji baridi na sabuni. Maji ya moto yanailainisha tona ikagandia.

Dramu ishikeni kwa ncha tu, na muifunike kwa kitambaa cheusi muda wote iko nje, maana mwanga unaiharibu. Kabla ya kukubali kazi, chapisheni ukurasa mmoja. Doa linalojirudia kila sentimita 7.5 kwenye 12A limetoka kwenye dramu, na kujaza hakutaliondoa. Mwambieni mteja ukweli huo kabla hajalipa.

Unga wa taka utieni kwenye mfuko mzito wa plastiki, mfunge, mtie kwenye mfuko wa pili na kuandika kilichomo. Usiende mtaroni wala jalalani, na usichomwe: unga mkavu uliotawanyika hewani karibu na moto unaweza kulipuka. Katriji zilizokwisha kabisa, pamoja na mifuko hiyo, tafuteni mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, au NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa mlioko Kenya. Tanzania ina kanuni za taka za kielektroniki tangu 2021, na ofisi kubwa zimeanza kuuliza taka zao zinaishia wapi. Wekeni daftari la mnachotoa na mliyemkabidhi, na gharama ya kuzitupa iingie kwenye bei yenu tangu mteja wa kwanza. Ukiiacha nje ya bei, taka utaitafutia mtaro.