Maswali ya Wasomaji: Boxer Katikati ya Pikipiki Kubwa

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 31, naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na nafanya kazi Mtumba. Nina Boxer ya cc 150 niliyoinunua kwa kijana aliyekuwa akiifanyia biashara. Mwezi wa tatu nilijiunga na kundi la waendeshaji wanaokutana kila Jumamosi asubuhi kwa safari fupi, na wengi wao wana pikipiki za cc 650 na kuendelea. Siku ya kwanza mmoja wao aliniuliza, "Bosi, Majengo shilingi ngapi?" Wote wakacheka, na tangu siku hiyo jina langu ni Majengo. Tukisimama mahali, pikipiki zao hupangwa mstari mmoja kwa ajili ya picha, nami huombwa niweke yangu kando. Katika safari ya Gairo waliniacha tangu Ihumwa, nikafika wakati wamekwisha kunywa chai na wanavaa helmeti ili warudi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata mlinzi wa kazini aliwahi kunizuia getini akisema bodaboda haziingii, ilhali mimi ni ofisa na kibao changu cha namba ni cha njano, si cheupe cha biashara. Je, nikope ninunue pikipiki kubwa, au niachane na kundi hili?
"Majengo", Nkuhungu

JIBU: Ndugu Majengo (uniwie radhi kulitumia jina hilo, lakini ndilo ulilotia mwishoni mwa barua), umefunga malalamiko matatu katika furushi moja, na sina budi kuyatenganisha kabla ya kufika kwenye mkopo.

Suala la kuachwa nyuma, kwa sehemu kubwa, ni hesabu tu. Injini yako ina nguvu za farasi 12 hivi. Hutembea kwa utulivu kwenye kilomita 70 kwa saa, na ukikutana uso kwa uso na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane hata mwendo huo ni wa kuombea. Pikipiki ya cc 650 kwenye mwendo kama huo ni kama haijaamka. Mwenzako akikwambia kwamba kwa mwendo wako safari ya Morogoro, ambayo ni kilomita 260 hivi, itawachosha wote, hajakudharau. Kosa lao liko kwingine. Katika msafara uliopangwa vizuri, mwenye chombo cha polepole huwekwa mara baada ya kiongozi, si mkiani, na vituo vya kusubiriana hutajwa kabla ya kuwasha injini. Isitoshe, ukipita Ihumwa, Mbande na Kibaigwa, kila penye kibao cha 50 mkubwa na mdogo huenda mwendo mmoja, kwa sababu askari mwenye tochi haulizi cc. Zungumza na kiongozi wa kundi peke yake, siku ambayo si ya safari, umwombe mambo hayo mawili: nafasi ya pili katika msafara na vituo vinavyojulikana. Akikataa, basi toka nyumbani nusu saa kabla yao, unywe chai yako kwanza.

Kuhusu mzaha, siku nyingine ukiulizwa nauli ya Majengo, taja bei na umwambie muulizaji apande. Na picha inapopigwa, usisubiri kuambiwa pa kuegesha. Fika, weka pikipiki yako katikati ya mstari, vua helmeti, kisha uwaulize wanakunywa nini. Ni vigumu kumwomba mtu aondoe chombo chake akiwa amekwisha kukuagizia soda.

Lakini lile la mlinzi wa getini ndilo lililonifanya niirudie barua yako mara mbili. Unaandika "ilhali mimi ni ofisa". Wenzako wanakucheka kwa sababu unafanana na bodaboda, nawe unaumia kwa sababu umefananishwa na bodaboda. Maana yake ni kwamba nyote mnakubaliana kuwa dereva wa bodaboda ni mtu wa chini, na mnachogombea ni nani asihesabiwe pamoja naye. Yule kijana aliyekuuzia Boxer hiyo alikuwa akikaa juu yake kuanzia alfajiri hadi usiku, akibeba abiria, magunia na wagonjwa, na bila shaka anajua kuvuka korongo la mchanga kuliko yeyote katika kundi lenu. Mlinzi alikosea kutosoma kibao chako, basi, hakukutukana. Ukikopa leo ukanunua ya cc 650, utakuwa umehamia tu upande wa wanaocheka.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu mkopo ni hapana, na zipo sababu nyingine zisizohusu heshima. Boxer yako hutembea kilomita 40 au zaidi kwa lita moja, na spea zake zipo katika maduka mengi ya mji huu. Pikipiki kubwa hunywa karibu mara mbili ya hapo, na kifaa kimoja tu kikiharibika huenda ukasubiri kiagizwe kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Mimi mwenyewe, nikiwa bwana mifugo wilayani Mpwapwa, nilipewa Yamaha AG100, pikipiki ya shambani ambayo haikumvutia mtu kwa sura. Cheni yake ilikuwa ndani ya kifuniko, kwa hiyo vumbi halikuila, na ilikuwa na keria mbele na nyuma. Wenye pikipiki za kupendeza walikuja kwangu kuazima mafuta. Sikumbuki kama mimi niliwahi kwenda kwao kuazima cheni, kwa kuwa yangu haikukatika.

SWALI: Nafanya bodaboda Bahi kwa pikipiki ya Kichina. Kijiweni wenye Boxer na TVS husema yangu ni "toyo" tu, na abiria nao hupita karibu yangu wakaenda kwao. Nifanye nini?
Dereva, Bahi

JIBU: Kama yako ni miongoni mwa zile za cc 125 zinazoinua vali (vile vilango vya injini) kwa fimbo ndefu badala ya cheni ya ndani ya injini, na nyingi ziko hivyo, basi ina ukoo usiopaswa kuonewa haya: mtindo huo wa injini ulitokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo Honda waliiunda mahususi kwa nchi ambako watu huchelewa kubadilisha oili na mafundi hawana vifaa vingi. Hilo waweza kuwaeleza wa kijiweni, ingawa sidhani kama litakuongezea abiria hata mmoja. Abiria haoni vali. Anaona kiti, taa ya nyuma, vioo, na helmeti ya pili kama ni safi au inanuka jasho. Wewe mwenyewe hukusema kiti chako kikoje. Kama kimechanika, anza hapo, kwani fundi wa viti atakishona upya asubuhi na mchana ukarudi kazini.