Wasomaji Wanauliza: Imani na Siasa za Vampaya wa Mwaka 1230

Barua za safari hii zote zinahusu Dark Ages: Vampire, toleo la 2002. Ni mchezo wa kuigiza wahusika, unaochezwa mezani kwa dadu za pande 10. Msimulizi mmoja huendesha hadithi, na wachezaji wengine huwa vampaya wa Ulaya na nchi za Mediterania mwaka 1230. Hesabu tunazozitaja ni za kanuni za mchezo. Palipo na pendekezo letu, tunasema.

Nina wachezaji wawili wa ukoo wa Lasombra. Mmoja ni Mkristo wa Toledo, mwingine Mwislamu wa Sevilla. Kwa kuwa ni damu moja, kila jambo wanalimaliza pamoja, na dini imebaki pambo la mavazi. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma

Ndugu yetu, umewaweka mahali panapofaa kuliko pote. Ndani ya mchezo huu Lasombra wa Iberia, yaani rasi ya Hispania na Ureno, wamegawanyika wao kwa wao: upande mmoja umejipenyeza ndani ya Kanisa, upande mwingine unaitwa Qabilat al-Khayal na umo katika Ashirra, jumuiya ya vampaya Waislamu. Vita vyao vinafuata vita vya binadamu. Kwa hiyo usilazimishe uadui kwa hotuba, uache tarehe zifanye kazi. Mwaka 1230 Castilla na León zinaungana chini ya Fernando wa Tatu. Córdoba inaanguka 1236, Valencia 1238, Sevilla 1248. Una miaka 18 ya hadithi na kila mwenye maskani kusini anaona mpaka ukimsogelea.

Sasa tazama karatasi za wahusika. Himaya, Ushawishi, Kundi la kulishia, Washirika: mhusika mpya anagawa pointi 5 tu kwenye mambo haya, na karibu yote yamekaa juu ya watu wa imani fulani. Córdoba ilipotekwa, msikiti wake mkuu uliwekwa wakfu kuwa kanisa mwaka huohuo. Vampaya aliyekuwa na Ushawishi 3 miongoni mwa wanazuoni wa mji ule amebaki na nini? Sisi tungemshusha hadi 1 katika kikao kimoja, mbele ya meza nzima, na kumwachia njia moja ya kuokoa pointi zake: apate mtu wa imani yake katika mji mwingine wa kumdhamini. Hapo ndugu yake wa damu aliyeko Toledo atajikuta pabaya. Akimpokea, maaskofu waliomlea watauliza. Akimkataa, amevunja undugu wa ukoo.

Kabla ya kikao kijacho, kila mchezaji ajibu maswali matatu kwa maandishi, sentensi moja kila swali. Nani anaweza kugonga mlango wangu alfajiri nikampokea bila malipo? Nani ana haki ya kunihukumu? Damu ya nani siinywi hata nikiwa na njaa? Kisha tumia jibu moja katika kila kikao, kwa vikao vitatu. Wengi hukosea kwa kuyakusanya yote katika usiku mmoja. Mchezaji akibanwa pande zote huchagua ukoo, kwa sababu ukoo umechapishwa juu kabisa ya karatasi yake na imani yake haina pa kuandikwa.

Jambo dogo la kukumbuka: Lasombra hana taswira katika kioo, wala majini, wala kwenye chuma kilichosuguliwa. Kikombe cha fedha cha misa kinatosha kumfichua mbele ya kasisi makini.

Mchezaji wangu ni askofu katika Uzushi wa Kaini. Ana waumini 20 wanaokunywa damu yake kwenye kikombe, na wamekuwa jeshi lisiloisha. Nashindwa kumdhibiti. – Msomaji, Mombasa

Dada, usimdhibiti kwa kumletea maadui wapya. Mpigie hesabu.

Uzushi huu ni imani ya kubuniwa ya mchezo. Unawatukuza vampaya kama watakatifu, una ngazi zinazofanana na za Kanisa, na nguvu zake zote zimo katika kikombe. Binadamu akinywa damu ya vampaya huwa mtumishi wa damu kwa takriban mwezi mmoja. Akinywa kwa vampaya yuleyule mara tatu, katika usiku tatu tofauti, anafungika kwake kwa kifungo cha damu.

Mhusika wa kizazi cha 12, kuhesabu kutoka kwa Kaini, vampaya wa kwanza, ana nafasi ya pointi 11 za damu. Kuamka kila jioni kunagharimu 1, yaani 30 kwa mwezi. Waumini 20, pointi 1 kila mmoja, ni 20 nyingine. Jumla 50, bado hajapigana wala kuponya jeraha. Mwili wa binadamu una pointi 10 na ni salama kuchukua kama 2, kwa hiyo anahitaji milo 25 kwa mwezi, karibu mlo kila usiku. Anawinda katika ardhi ya nani? Mkuu wa mji, yaani vampaya anayewatawala wenzake hapo, akiwa si wa Uzushi, kila mlo nje ya himaya ya askofu ni kosa dhidi ya mila ya Himaya, na mkuu anaweza kusubiri tu hadi makosa yawe mengi. Mwache mchezaji aende kuomba ruhusa na aambiwe bei yake. Siasa zako zitaanzia hapo.

Halafu kuna misa yenyewe. Hawezi kuwanywesha wote 20 usiku mmoja, maana ana 11 tu. Akijaza nafasi yote kisha akatoa 7, amebaki na 4, naye amesimama katikati ya watu wenye joto, damu ikinuka. Kanuni ya njaa ni 7 toa Kujizuia: mwenye Kujizuia 2 akiwa chini ya pointi 5 anatupa dadu asije akashikwa na wazimu wa Mnyama, yaani ukatili ulio ndani ya kila vampaya. Kwa hiyo misa ni tatu kwa mwezi, za watu 7, 7 na 6, na kila moja ina hatari yake. Wengi husahau dadu hizi kwa kuwa tukio ni la ibada. Usizisahau. Askofu anayerarua muumini wake mbele ya madhabahu amepoteza zaidi ya pointi za damu.

Mpinzani wake wa kweli atoke ndani ya Uzushi huohuo. Atakuwa shemasi wake, vampaya pia, ambaye kwa unyenyekevu kabisa anajitolea kujaza kikombe usiku askofu anapokuwa na njaa. Muumini aliyekwisha kufungika kwa bwana mmoja hawezi kufungika kwa mwingine, lakini aliyekunywa mara moja au mbili tu bado yuko huru. Katika miezi mitatu ya mwanzo, anayeshika kikombe ndiye anayeamua kanisa litakuwa la nani. Mchezaji akilala usingizi juu ya jambo hili, mwezi wa nne atakuta nusu ya watu wake wanamtazama shemasi kabla ya kutii amri.

Lililo kubwa kuliko hayo ni kiwango chake cha Njia, yaani maadili anayoshikilia ili Mnyama asimtawale. Vampaya akijeruhiwa kupita kiasi huanguka katika usingizi mzito, na urefu wake unafuata Njia. Mwenye Njia 8 hulala wiki moja, 7 wiki mbili, 6 mwezi mmoja. Ikifika 5 ni mwaka mzima, na 4 ni miaka 10. Sasa linganisha na kikombe kinachodumu mwezi. Askofu mwenye Njia 7 akianguka vitani anaamka na kundi lake bado lipo. Mwenye 5 anaamka baada ya mwaka: hakuna hata muumini mmoja mwenye damu yake mwilini, na shemasi amevaa kofia. Hivyo utakatifu, hata ule wa kizushi, ni sharti la kutawala, na maadui hawana haja ya kumuua. Inatosha wamtie dhambini kwanza, kisha wampige.

Tunawashauri wanaotaka kuongoza waumini kwenye Njia ya Mbinguni, ile ya vampaya wanaomwamini Mungu, wajipange tangu kuumba mhusika. Una pointi 7 za fadhila juu ya 1 ya kuanzia katika kila moja. Ukifanya Dhamiri 4, Kujizuia 4 na Ujasiri 2, Njia yako inaanza na 8, kwa kuwa ni jumla ya hizo mbili za kwanza. Ujasiri 2 ni mdogo, moto utakukimbiza. Bado ni biashara nzuri.

Je, Mkristo na Mwislamu wanaofuata Njia ya Mbinguni wanaweza kukaa baraza moja? – Msomaji, Nairobi

Wanaweza. Njia ya Mbinguni ina Wakristo, Waislamu na Wayahudi. Wote wanaamini kwamba Mungu aliruhusu laana yao kwa kusudi. Njia ni maadili ya mhusika mwenyewe, dini ndiyo inayompa watu, majengo na kalenda. Kwa hiyo wawili hawa wanaelewana kuhusu dhambi na wanagombana kuhusu miji. Watumie kama mashahidi wa viapo kati ya pande mbili. Hakuna wengine ambao neno lao linaaminika kote kuwili.

Jihadhari na maungamo. Mhusika akitenda dhambi iliyo katika orodha ya kiwango chake, anatupa dadu za Dhamiri kwa ugumu 8. Mwenye Dhamiri 3 ana nafasi kama 34 kati ya 100 ya kukosa hata dadu moja yenye 8 au zaidi, na zile 1 zinazofuta mafanikio zinaiongeza. Pendekezo letu, ambalo si kanuni ya kitabu: aliyeungama kwa kasisi wa Njia kabla ya alfajiri atupe kwa ugumu 7, na nafasi hiyo ishuke hadi 22. Wachezaji watakimbilia kuungama. Ndani ya miezi michache kasisi mmoja atakuwa na siri za nusu ya baraza, na mkuu wa mji ataanza kumwogopa au kumtaka. Andika kila ungamo kwenye daftari lako, neno kwa neno. Usipoandika, kanuni hii inageuka nafuu ya bure.

Tumeweka Uzushi Languedoc, kusini mwa Ufaransa. Nimewafanya Wakathari wote kuwa watumishi wa vampaya. Kuna ubaya? – Msomaji, Kigali

Upo, na tungekusihi ubadilishe. Wakathari walikuwa watu halisi, Wakristo ambao Kanisa liliwaita wazushi. Viongozi wao hawakula nyama, walikataa ubatizo wa maji, na Machi 1244 zaidi ya 200 walichomwa moto chini ya ngome ya Montségur. Ukiwageuza kuwa watumwa wa damu, umewapa waliowachoma sababu nzuri.

Na hata kwa mchezo ni hasara. Uzushi wako unapendeza zaidi ukijificha kando yao: vampaya mmoja anatumia nyumba wanazokutania, Mkathari mmoja anaanza kushuku kile kikombe, kwa sababu ibada yao ya kuwekea mikono haina kikombe cha damu. Tangu 1233 watawa Wadominiko wana mamlaka ya uchunguzi pale Toulouse. Mchunguzi akifika kijijini, hatenganishi makundi hayo mawili, bali wahusika wako wanajua tofauti. Waache wachague: waufichue Uzushi ili kuokoa kijiji, au wanyamaze wasijifichue wenyewe. Mchunguzi huyo mpe Imani ya Kweli 2, sifa ya binadamu ambaye imani yake hufukuza vampaya. Akiinua msalaba, tupa dadu 2 kwa ugumu ulio sawa na Utashi wa vampaya, na kila fanikio linamrudisha hatua moja. Dhidi ya Utashi 7 atafaulu kama mara 6 kati ya 10, kabla ya kuhesabu zile 1, na asipopata fanikio vampaya harudi nyuma, lakini hawezi kusonga mbele.