Prosesa isubiri, anza na kadi ya picha
Ndugu, umeeleza kuwa una kompyuta ya Dell OptiPlex yenye prosesa ya Core i5-6500, kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda) cha GB 8 na bajeti ya shilingi 400,000, na unafikiria kubadilisha prosesa ili michezo ya kompyuta isikwame. Nakusihi uiache. Michezo inakwama hasa kwa sababu Intel HD 530, sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa, ni dhaifu na haina kumbukumbu yake, bali hukopa RAM. Kwa hiyo tafuta kadi ya picha ya GTX 1650 ya mtumba isiyo na tundu la waya wa umeme, kwani hiyo hutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye ubao mama. Kasha likiwa jembamba, chagua kadi yenye kimo kifupi. Usilipe kabla hujaiona ikiendesha mchezo kwa nusu saa, feni zikizunguka na skrini ikiwa haina mistari. Pesa ikibaki, ongeza kipande cha pili cha RAM kinachofanana na ulichonacho. Ukitamani kadi kubwa zaidi, mwone fundi kwanza, maana pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) ya mashine hizi ni dhaifu.