Ukirudi kwenye upinde ukiwa mtu wa makamo

Niliporudi kwenye upinde nikiwa na miaka 43, baada ya kuuacha kwa miaka tisa, kosa langu lilikuwa kuudai mwili unirudishie ujana siku ileile. Nilichukua upinde wangu wa zamani unaohitaji nguvu ya pauni 40 kuuvuta, nikapiga mishale zaidi ya mia siku ya kwanza, na kufikia wiki ya pili bega la kulia lilishindwa hata kuinua birika la chai. Wakati nikiliuguza bega hilo ndipo nilipofuatilia kwa makini habari za mpiga mishale Hiroshi Yamamoto wa Japani.

Yamamoto, aliyezaliwa Yokohama mwaka 1962, alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984 akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Alishiriki Seoul, Barcelona na Atlanta akarudi mikono mitupu, akaikosa kabisa Sydney mwaka 2000, na mwaka 2004, akiwa na miaka 41 na akiendelea na kazi yake ya ualimu wa sekondari, akafika fainali mjini Athens. Marco Galiazzo wa Italia alimshinda kwa alama 111 kwa 109. Ilikuwa medali ya fedha, miaka 20 baada ya ile ya shaba, na Wajapani wakampa jina la nyota wa watu wa makamo. Kwa maoni yangu, hata dhahabu isingempa mapenzi ya namna ile, kwa sababu waliompenda ni watu wenye ajira, watoto na viungo vinavyouma, waliomwona mwenzao akisimama mita 70 kutoka kwenye shabaha ambayo duara lake la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2 tu.

Kwa hiyo namshauri anayerudi apunguze kwanza uzito wa kuvuta upinde. Mimi nilishuka hadi pauni 26, nikaona haya mbele ya vijana, lakini bega likapona. Kisha sogea hadi mita tano kutoka kwenye gunia la kupigia, ondoa karatasi ya shabaha, na upige mishale 30 tu, siku nne kwa wiki. Sikiliza kile kibanzi cha chuma kilicho ubavuni mwa upinde, ambacho hulia “tik” mshale unapovutwa hadi urefu wake kamili. Mkono wangu ulikuwa umezoea kuachia kabla ya mlio, na ilinichukua takriban miezi mitatu kuufundisha kungoja huku mgongo, si vidole, ukimalizia mvuto.

Usirudi mita 70 mapema. Baada ya medali ile ya Athens, Yamamoto alisema kwamba angeitafuta dhahabu kwa miaka mingine 20. Mimi, baada ya mwaka mzima, bado napigia mita 30.