Kazi ya mwanasaikolojia VA kwa mwenye uzamili wa nje

Salamu dada. Una shahada ya uzamili ya saikolojia kutoka Kenya, uko Minnesota, na maombi yako ya kuwatibu wanajeshi wastaafu VA, yaani idara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi hao, yanarudi kila mara. Unatamani pia kufika kwenye uongozi.

Kabla hujagusa tena wasifu wako, tazama uraia. Asiye raia wa Marekani hufikiriwa pale tu raia mwenye sifa anapokosekana. Kadi ya kijani haitoshi. Halafu shahada: wanataka udaktari wa saikolojia tiba au ya ushauri nasaha, kutoka programu yenye ithibati ya APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani) au chombo kingine wanachokitambua, pamoja na mwaka wa mafunzo kazini wenye ithibati. Hapa ndipo wengi huumia: wanafuata ada nafuu, ithibati hawaiulizii, miaka inapotea. Leseni ya jimbo lolote inakubalika.

Mwaka huo wa mafunzo uombee ndani ya VA kwenyewe, na ujifunze vizuri CPT, tiba ya mazungumzo ya kiwewe: vikao 12 hivi vya kuchunguza na mgonjwa wazo kama "wenzangu walikufa kwa kosa langu", analiandika, mnalipima kwa ushahidi. Uongozi unaoutamani huanzia kusimamia wanagenzi, kisha kuratibu kliniki ya kiwewe.

Udaktari ukiwa mbali mno, fikiria uzamili wa ustawi wa jamii wenye ithibati ya CSWE, baraza la Marekani la elimu ya ustawi wa jamii. Wenye shahada hiyo pia hutoa tiba ya mazungumzo VA.