Mchezo wa bure kwenye katriji ya pini 60

Ndugu wa Mbale uliyeuliza, faili lako la mchezo wa Famicom (mashine ya michezo ya Nintendo), la baiti 40,976, haliwaki kwa sababu umelichoma zima, yaani umeliandika lote, kwenye chipu moja. Baiti 16 za mwanzo ni utambulisho tu: ziondoe. Zinazofuata 32,768 ni programu, zichome kwenye 27C256, chipu ya EPROM (kumbukumbu inayofutika kwa mwanga). 8,192 za mwisho ni picha, ziende 27C64, EPROM ndogo zaidi.

Ila kwanza soma baiti ya saba. Ikiwa shufwa, unganisha kwa lehemu pedi (kituo cha chuma kwenye bao la saketi) ya uakisi wa mlalo, yaani jinsi mashine inavyorudia picha za mandhari; witiri, wa wima. Ukikosea, mandhari yatakatikakatika yakisogea. Hamisha lehemu tu, chipu hazina kosa.

Achana na bao la katriji kuukuu, pini zake mara nyingi hazilingani na za EPROM. Agiza bao tupu la NROM (aina sahili kabisa ya bao la katriji za Famicom), na kidirisha cha kioo juu ya chipu ukizibe kwa stika, maana jua la huko litaifuta taratibu.